Lile Sufuria Kubwa

Jackline uko wapi. Nimekaa tu hapa jikoni.

Si nilikuambia nimepanga jiko? Tangu wanangu waende Makongolosi napikia mtu mmoja, nikasema masufuria yote haya ya nini. Lile kubwa, na zile sahani nilizoandika jina chini kwa rangi ya kucha, nikapeleka kanisani. Jiko likapumua, nikajisifu.

Leo Mama Blessing kabisha hodi. Jirani wa ukuta kwa ukuta hapa mtaani Soweto, na miezi miwili hajakanyaga kwangu. Nikabandika chai haraka, nikatoa vikombe viwili.

Hakukaa. Akasema, "Mama Aroni, naomba lile sufuria lako kubwa, Jumapili Blessing anapata kipaimara."

Nikamwambia nimelitoa.

"Umelitoa? Umempa nani?"

Nikasema kanisani.

"Basi ngoja niwahi huko huko."

Akaondoka. Jackline, aliondoka na chai haijachemka. Hata "karibu Jumapili" hakusema.

Nimekaa nawakumbuka wote waliokuwa wanabisha hapa. Msiba, wanataka sufuria. Harusi, wanataka sahani. Na si unajua chombo cha mtu hakirudi kitupu, basi wanarudisha na maandazi ndani, tunakaa tunaongea mpaka jioni.

Miaka yote hiyo nilidhani wananifuata mimi.

Vikombe viwili bado viko mezani. Jumamosi njoo. Sina tena cha kukuazimisha, njoo hivyo hivyo.