Mutua Bado Yuko Mochari

Jumanne, 8 Julai

Nimewasha hita, nimempikia Mama chai ya maziwa, nimepiga simu mochari. Kila asubuhi sasa ni hivyo. Leo nimengojeshwa kwenye simu, nikisikilizishwa kinanda dakika arobaini. Halafu sauti iliyorekodiwa: mpaka bajeti ya jimbo ipitishwe, ofisi inashughulikia kesi za polisi pekee. Samahani kwa usumbufu.

Usumbufu. Kaka yangu yuko kwenye jokofu lao siku ya nane.

Mutua alianguka kazini Jumatatu ya wiki iliyopita, kati ya rafu za ghala, bado amevaa glavu. Miaka thelathini na sita. Hakuwa mgonjwa. Mtu akifa ghafla namna ile, sheria ya huku ughaibuni inataka daktari wa serikali amchunguze kwanza, ndipo familia ipewe mwili. Kesho yake mwaka mpya wa fedha ukaanza bila bajeti. Wabunge walikuwa wamegombana mpaka siku ya mwisho. Kila ofisi iliyoitwa si ya lazima ikafungwa.

Angekufa wiki moja mapema tungeshamzika. Ni vibaya kuandika hivyo. Ndivyo ninavyowaza.

Mama alifika Jumamosi kutoka Machakos. Viza aliyopewa mwaka jana alipokuja kumwona binti yangu Tina ilikuwa bado hai. Amekuja na Biblia na sweta moja, katikati ya baridi hii. Amemwacha Baba kwa jirani yetu, Kalondu. Baba hajainuka kitandani tangu apate kiharusi. Mama alidhani atakaa siku tano, azike, arudi.

Alhamisi, 10 Julai

Watu wa kanisa wamekuja tena. Wanakaa, wanaimba, wanaomba, wanauliza mazishi ni lini. Sijui. Wanatazama mazulia. Mwanzoni walijaa mpaka ngazini. Leo walikuwa sita. Siwalaumu. Matanga yana mwanzo na mwisho, haya yetu hayana mwisho.

Mama Furaha amekuja kutoka Doonside na sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kwao. Ni Mkongo, tunafanya kazi pamoja. Aliongea kwa sauti, kama kawaida yake.

"Kwetu Bukavu vita iko, barabara hakuna, lakini mutu akikufa leo, kesho tunamuzika. Huku muko na frigo, muko na serikali, na mutu hamuziki?"

 Mama aliitikia kwa kichwa. Mama Furaha ni mtu wa kwanza kusema lililo moyoni mwa mama yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Blacktown, ofisi ya serikali. Nilitaka tu mtu wa kuongea naye uso kwa uso. Mlango umefungwa, karatasi imebandikwa kwenye kioo. Watu wapatao hamsini nje. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akiupiga mlango kwa mkongojo. Mwanamke mwenye mtoto mchanga anataka cheti cha kuzaliwa. Mwingine leseni ya kazi, hawezi kuanza kazi bila leseni. Kila mtu anapaza sauti kwa kioo. Mlinzi alisema hata yeye hajui kama Jumatatu ana kazi.

Nami nilipaza sauti. Sikumbuki nilisema nini. Nimerudi nyumbani koo linauma.

Jumapili, 13 Julai

Zamu ya asubuhi. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi haikufungwa, fedha zake hutoka serikali ya shirikisho, si ya jimbo. Bibi wa chumba cha mwisho amefariki saa tatu. Miaka tisini na mmoja, ilitarajiwa. Daktari wake akatia sahihi, gari likaja, saa tano kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Nilimwonea wivu maiti. Nilienda kulia kwenye stoo ya nepi.

Jumatatu, 14 Julai

Maandamano nje ya ofisi ya mbunge wetu. Sikutaka kwenda. Mama ndiye aliyetaka. Alisimama mbele kabisa na picha ya Mutua, ile ya siku aliyopata uraia, ameshika mche wa mti, zawadi wanayopewa raia wapya. Watu walimpisha. Watu wa mabango, watu wa matusi, wote wakampisha.

Mwandishi wa televisheni akatujia. Mama aliongea Kiswahili, taratibu, akimtazama yule kijana usoni. Nikatafsiri. Alisema: "Sikuja kugombana. Sijui chama gani kina makosa. Nimezaa watoto wawili. Mmoja amekufa, nipeni nimzike. Hilo tu."

Mbunge alitoka. Alimshika Mama mkono kwa mikono yote miwili. Akasema anasikitika sana, akasema upande wa pili ndio umekwamisha bajeti. Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema pole.

Nilitamani kumzaba kofi. Naandika ukweli.

Jumanne, 15 Julai

Wameonyesha picha ya Mutua kwenye habari kwa sekunde tatu. Maneno ya Mama hayakuwemo. Waliweka yale ya mbunge. Kisha hali ya hewa.

Tina aliuliza kwa Kiingereza kama Mjomba anasikia baridi kule. Mama akauliza mtoto amesema nini. Safari hii sikuweza kutafsiri.

Alhamisi, 17 Julai

Kalondu amepiga simu. Baba ameanguka kutoka kitandani. Hakuvunjika, lakini ana kidonda mgongoni, hali chakula vizuri, anamwita Mama. Kalondu ana binti wa kujifungua wiki ijayo, hawezi kushinda pale tena. Aliomba msamaha mara nyingi mno.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha simu mezani. Akaendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 18 Julai

Mama aliomba tu apelekwe karibu na mochari. Hata kama hawafungui.

Treni zimepunguzwa, tulingoja saa nzima kituo cha Quakers Hill, upepo unakata. Jengo ni la kawaida, lingeweza kuwa shule. Geti limefungwa. Nilibonyeza kengele, sauti ikasema hakuna huduma ya kuona mwili kwa sasa. Nikasema mama yake ametoka Kenya.  Kisha: "Naelewa, dada. Pole sana. Sina ufunguo." Nadhani alikuwa anasema kweli. Nadhani alikuwa analia.

Mama akaniuliza, "Yuko upande gani?"

Sikujua. Nikaonyesha ukuta wa kushoto. Nilimdanganya mama yangu, na sijutii. Alisimama akauelekea ule ukuta, akaweka kiganja kwenye nondo za uzio, akaongea na Mutua Kikamba. Alimwambia habari za nyumbani. Ng'ombe aliyezaa. Paa lililotengenezwa. Baba. Alipofika kwa Baba alishusha sauti kama hataki Mutua apate wasiwasi.

Huenda nyuma ya ule ukuta kulikuwa na jiko la wafanyakazi tu.

Jumapili, 20 Julai

Bungeni wamekaa wikendi nzima, hawajaelewana. Kanisani mchungaji ameomba Mungu awape hekima. Nilifumbua macho katikati ya maombi. Sina Mungu wa kuomba jambo hilo. Wana hekima. Wana mishahara. Wanachokosa ni kuona haya.

Baada ya chakula Mama akasema, "Nikatie tiketi ya kurudi."

Nilibishana. Nilisema bado kidogo, nilisema wiki hii lazima watapitisha, nilisema asipomzika Mutua pamoja nami sitamsamehe. Neno lile lilitoka hivyo hivyo, baya.

Hakukasirika. Alisema, "Mwende, baba yako anahitaji mtu wa kumgeuza. Mutua hahitaji kugeuzwa."

Jumanne, 22 Julai

Uwanja wa ndege. Aliniachia kanga ya kumfunika Mutua. Aliniambia namna ya kuifunga. Hakugeuka nyuma. Nilijua hatageuka.

Nimekaa kwenye maegesho mpaka nikaona nimesahau gari liko ghorofa gani.

Alhamisi, 24 Julai

Bajeti imepita. Saa nane mchana. Nilikuwa nampa mzee dawa, televisheni ikiwa imewashwa ukutani. Pande zote mbili zilipeana mikono. Mmoja wao alisema kitu, wakacheka.

Siku mbili. Mama angesubiri siku mbili.

Sikulia. Nilimpa mzee maji, nikaandika saa aliyomeza dawa. Mama Furaha aliniondoa mle chumbani kwa kunishika kiwiko.

Jumatano, 30 Julai

Mochari wamepiga simu wenyewe. Sauti ni ile ile ya kwenye geti, nimeitambua, naye amenitambua. Uchunguzi umekamilika. Moyo. Mshipa uliziba, hakuteseka, dakika chache tu. Tumepewa ruhusa ya kumchukua.

Mwezi mzima kwa kazi ya asubuhi moja.

Mama alipoambiwa alishukuru. Baba amekunywa uji, akasema. Kumrudisha Mama tena huku haiwezekani, na Mutua tulishakubaliana azikwe hapa, kumsafirisha ni ghali mno. Hatukulizungumza zaidi.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumemzika. Kulikuwa na jua, baridi kidogo. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, hata wa ghalani, wamevaa fulana zao za njano. Kanga niliifunga kama nilivyoelekezwa. Tina alirusha ua. Nilimpigia Mama kwa video lakini mtandao wa kule ulikatika jeneza likishuka, uso wake ukabaki umeganda kwenye skrini. Mama Furaha akaendelea kuishika simu juu hivyo hivyo mpaka mwisho.

Jioni nimempata kwa simu. Hakuuliza nani alihubiri wala watu walikuwa wangapi. Aliuliza udongo ni wa rangi gani.

Nikamwambia wa manjano, mzito, unanata. Mpaka sasa uko kwenye viatu vyangu.

 Nilisikia kuku nyuma yake, na Baba akikohoa.

"Usivioshe leo," akasema. "Utaviosha kesho."

Nimeviweka mlangoni, juu ya gazeti. Tina amelala. Nje, jirani anafunga geti lake.