Muhula wa Sita na Mume Wangu

Jumamosi, 5 Januari 1980
...na hata akilala mdomo wazi na soksi mguuni, bado ni mzuri kuliko wanaume wote wa Iowa! Lowell wangu. Tumeoana majuzi tu, na chakula cha jioni tumekula pamoja mara chache mno. Mikutano. Simu. Vipeperushi hadi kwenye sinki! Rais Haldane anataka muhula wa sita, na Lowell ndiye anayempigia kampeni kwenye kata yetu. Wa sita! Alipoapishwa mara ya kwanza nilikuwa sijaanza shule.

Jumapili, 13 Januari
Tumekula kwa mama mkwe, Thelma. Nikasema, nusu utani: laiti yale majimbo machache yaliyokataa, enzi za babu zetu, yangekubali katiba iweke ukomo wa mihula miwili kwa rais, leo Haldane angekuwa nyumbani anavua samaki. Nani angekuwa rais? Pengine mwanamke!
Thelma akacheka. "Pengine mpumbavu, mwanangu. Huyu tumeshamzoea."
Hata maumivu ya mgongo huzoeleka.
Njiani Lowell akanipa habari: kata yetu ikimpa Haldane ushindi, wakubwa watamchukua yeye Lowell kwenye kampeni ya nchi nzima, jimbo hadi jimbo, mpaka uchaguzi wa Novemba. Macho yanang'aa! Nikambusu. Nimechoka, jamani.

Jumatatu, 21 Januari
Ukumbi wa michezo wa shule, usiku wa kata kumchagua mgombea urais wa chama. Kwetu hakuna kura ya siri — unasimama kwenye kona ya mtu wako, majirani wakuone. Watu wa Haldane chini ya goli la kikapu. Wa mpinzani wake, Gavana Strand, karibu na mlango. Keki zikapita, watu wakabembelezana wahame kona. Wakahesabu — sare! Katikati nimebaki mimi tu, na sahani mkononi.
"Bi. Tollefson, unangoja basi?" Vicheko.
Lowell akanyoosha mkono. "Njoo, mpenzi, twende nyumbani."
Mkono ule ule wa kanisani! Lakini nyumbani gani, mpaka Novemba? Miguu ikanipeleka mlangoni, kwa Strand, naye akashinda kwa mtu mmoja. Hakuna aliyecheka tena.

Jumanne, 22 Januari
Kahawa ya Lowell imepoa mezani. Yuko nje na koleo, anaondoa theluji — kaanza na gari langu. Lake bado limefunikwa. Ananionea huruma? Au ananifungulia njia niondoke? Mabega yale, Mungu wangu, nayapenda hata yakinipa mgongo.
Mama yangu kapiga simu. Habari kazipata tayari — mji huu! "Mnakuja lini?"
Nikatazama dirishani. Wawili au mmoja, sijui. Nikasema tu: kabla mwezi haujaisha, mama.