Nimepata Chumba, Mwenzangu Hataki Nihame

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie nikiwa bado nacheka, maana mwanangu sasa hivi kabisha hodi kwenye kifuniko cha sufuria, akangoja, kisha akanigeukia, "Mama, wali umelala."

Tunaishi nyumba ya wanawake tuliotolewa mikononi mwa watu waliokuwa wakituuza miili, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tulitiwa dawa za kulevya mpaka tukazizoea. Kule milango ilifungwa kwa nje, ndiyo maana hapa kila komeo liko ndani na hakuna anayeingia bila kuitikiwa, hata mama mlezi husimama nje kama mgeni, basi mtoto kakulia humo, anabisha hodi hata kabatini.

Sasa furaha imenizidi kimo, nimepata kazi kwa fundi cherehani na chumba nyuma ya duka lake, na nilipokwenda kukiona nikabisha, chumba kitupu, changu mwenyewe, nikasimama mlangoni na adabu zangu mpaka fundi akasema, "We bibie, unamngoja nani humo?" Tulicheka hadi pini zikamtoka mdomoni.

Lakini kuna mwenzetu mgeni, anaacha dawa, anatetemeka, hali chakula, hasemi na wengine, ila mwanangu akibisha anafungua, nami nikiingia na uji anakunywa. Nimemwambia nahama, akanijibu, "Ukienda, na mimi nakwenda zangu," na sijamwambia mtu, na waliokuwa wakimuuza bado wanamtafuta. Roho yangu inaruka kama mbuzi, halafu nikimkumbuka inakaa chini, sasa nikawaza labda nimwombe fundi anisubiri kidogo, mgeni akipata nafuu ndipo mimi na mwanangu tu... ananiita huyo, ngoja nika

*

Mwanangu,

Umeitwa, ukakimbia, barua ukaitia kwenye bahasha bila kuimalizia. Nimecheka, kisha nikakasirika kidogo. La kwako utalimaliza lini?

Pole kwa ulikotoka, na hongera ya chumba, tena hongera kubwa. Ila mtoto mdogo hapewi kazi ya kumshikilia mtu mzima asirudi shimoni. Na wewe uliyepanda juzi tu usijifanye kamba peke yako, mtaporomoka wote wawili.

Leo, kabla hujala, mwambie mama mlezi maneno ya mgeni kama alivyoyasema. Kuyaficha ndiko kumtupa. Kutetemeka kule kunataka daktari, uji hautoshi. Kisha mgeni mwenyewe amchague mwenzenu mwingine wa kumpelekea uji, na mara ya kwanza mwende wote.

Fundi usimsubirishe. Hama siku mliyopatana. Mtajie mgeni siku utakayokuja kumwona, na uje, hata mvua iwe ya kubomoa mapaa. Akuone unatoka mlango ule, unakwenda kazini, unarudi kwa miguu yako kunywa naye chai, tena hujachelewa. Hajawahi kuona mwanamke akiondoka mahali kisha akarudi anacheka.