Gurudumu la Mbele la Baiskeli ya Baba

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Kaka Mbio,

Hujambo, kaka? Wifi hajambo? Na hao wanangu wawili, wameshaota meno ya mbele au bado ni vibogoyo? Shangazi yao nawabusu hukohuko. Sisi huku wazima. Mama kifua kimemwachia, na Baba ni miguu tu inayomsumbua. Mdomo mzima kabisa.

Kazi yangu ya kushona sare imehamia upande wa pili wa mji, na kutembea kumenimalizia viatu. Nikapiga moyo konde, nikamwomba Baba baiskeli yake. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Ichukue. Lakini gurudumu la mbele unalijua."

Nalijua sana. Tangu wiki ile uliyoondoka, miaka kumi na saba sasa, limetundikwa stoo, limepinda vilevile. Nilipolitungua nikakumbuka Jumamosi zetu. Baba anaipindua baiskeli uani, wewe unapaka mnyororo grisi, mimi nazungusha pedali mpaka nafukuzwa. Akigeuza kisogo tu, unanipakia, ingawa alikataza kabisa kupakizana, tunateremka bila breki huku napiga mayowe na kudai tena. Kaka, niliyatamani maisha yale mpaka nikakaa chini stoo nikalia. Usinicheke.

Gurudumu nikampelekea Fundi Miwani, mzee ambaye miwani yake inashikiliwa na uzi. Husogeza chaki karibu na ringi, halafu hulizungusha gurudumu. Chaki ikigusa mahali, ndipo palipoegemea. Hapo hukaza spoki ya upande mmoja kidogo, na kulegeza ya upande wa pili kidogo. Safari hii hakufika mbali. Aliinama, akatazama, akaguna.

"Nani alikaza hizi kwa koleo?"

"Kwani vipi, fundi?"

"Zimekazwa za kushoto tupu, na vichwa vimetafunwa. Huyu alikuwa na nguvu kuliko akili. Gurudumu la hivi, hata apande mtu mmoja mwembamba, linapinda tu."

Koleo lile nililishika mimi. Jioni ya kuamkia usaili wako wa kazi niliona gurudumu linayumba kidogo, nikataka uende kwa fahari. Boksi la spana lilikuwa limefungwa, nikachukua koleo la jikoni. Baba nilikuwa nimemwona akikaza. Akilegeza sikuwahi kumwona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na jina la Kimbelembele sikupewa bure.

Asubuhi yake ukaanguka kilimani, usaili ukakupita, na Baba akasema ulimpakia rafiki yako. Ulikana. Akakuita mwongo mbele ya majirani, nawe ukafunga mizigo. Mimi nikalia pamoja na Mama, nisijue lolote, maana moyoni niliamini nililitengeneza. Nisamehe, kaka yangu. Nimekukosesha nyumba yako kwa kiherehere changu.

Baba nilimwambia siku hiyohiyo. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alikaa barazani mpaka chai ikapoa, ndipo akaniuliza kama bado unaandika. Nikamwambia unaandika, ila salamu zako huishia kwa Mama. Akasema, "Ana haki."

Ringi ilikataa kunyooka, kwa hiyo tumeweka mpya. Baiskeli inakwenda vizuri, isipokuwa mimi ndiye niliyesahau kuendesha; juzi nimeingia kwenye ua wa mwalimu mkuu, na mwenyewe yumo ndani anaanua nguo.

Mama anakusalimu sana, naye Mama Mdogo anauliza kama umenenepa. Uwasalimie wifi na watoto. Mungu akutangulie uendako, akurudishe salama utokako.

Mdogo wako akupendaye,
Kimbelembele.

Kaka, nilikuwa nafunga bahasha Baba akaomba kalamu. Hapa chini ni mkono wake, sijamsahihisha:

Mwanangu, ulisema kweli nami nikakuita mwongo mbele za watu. Wale majirani walio hai nimewaambia jana, nyumba kwa nyumba. Ulibaki wewe. Nisamehe. Baba yako.