Dirisha la Bafuni

Dutwa, 14 Aprili 1991

Baba Scola,

Sisi wazima, usijisumbue kuuliza. Kopo la tatu la rangi nimelipokea. Naona huko Mwanza siku hizi maduka yamejaa, ila rangi haiondoi kuvu. Nasugua bafu kwa jivu na sabuni, mvua ikinyesha ukuta unakuwa mweusi tena, na Scola anakohoa.

Wewe ndiye uliyemwambia fundi azibe dirisha, eti mkwe wangu akikaa uani asinione nikioga. Heshima kwa baba, ulisema. Baba yako tulimzika Februari. Barua uliipata. Hukuja, ukatuma rangi.

Jana niliyavunja hayo matofali ya dirishani kwa nyundo ya marehemu. Upepo unaingia vizuri. Sasa nikiwa bafuni naliona kaburi lake. Wewe mwanawe hujaliona.

Eufrasia