Mboga Zilizosinzia

Shuleni, 4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe, Mama na kitindamimba wetu hamjambo. Mimi sasa naendelea vizuri. Nasema "sasa" kwa sababu juma lililopita nilitapika na kuharisha, pamoja na wenzangu tuliogawana saladi ulizonitumia. Tulizila mbichi, hatukubakiza jani.

Muuguzi wa shule aliniuliza bustani yetu inapata maji wapi. Nikamweleza habari za mfereji, na vyoo vya kambi ya vibarua vilivyo juu yake. Anasema virusi hutoka chooni, vikaingia majini, vikakaa kwenye majani. Tafadhali Baba, usiamshe tena mboga zilizonyauka kwa kuzinyunyizia maji hayo. Kitindamimba husuuza karoti mferejini na kuitafuna palepale. Nikimfikiria, usingizi hauji.

Binti yako

Nyumbani, 15 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba, na pole sana kwa kuumwa. Sisi wazima, ila goti la mama yako ndilo lenye maneno.

Nilivaa miwani nikakagua majani, juu na chini. Nimekuta konokono mmoja, naye nimemfukuza. Hao virusi wako sikuwaona. Maji yanang'aa mpaka kokoto zinaonekana. Halafu mboga isiponyunyiziwa ikaamka, nani ataigusa sokoni? Ikisinzia tu, wateja wananipita kama hatujuani. Wewe soma, mfereji niachie mimi.

Baba yako

Shuleni, 22 Machi

Shikamoo Baba,

Mpe Mama pole ya goti. Konokono wako amenichekesha. Lakini virusi havionekani hata kwa miwani, na maji yanayong'aa yanaweza kuwa navyo. Sikuandika ili nikusahihishe. Siku ile tulipokula, niliwaambia wenzangu, "Baba yangu amelima." Nataka niendelee kusema hivyo.

Mwanao

Shuleni, 18 Aprili

Shikamoo Baba,

Sijapata jibu. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Kama ni kitindamimba, usinifiche.

Mwanao

Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu mpenzi,

Sikukasirika. Barua yako ya pili ilinikuta hospitali, kando ya kitanda cha mdogo wako. Alikauka maji mwilini hata machozi hakuwa nayo. Niliisoma mpaka ikachakaa.

Sasa tuko nyumbani. Leo ameninunia kwa kumnyima karoti mbichi, ndipo nikajua amepona.

Maji ya mfereji nimeyaelekeza kwenye mahindi. Mboga nazimwagilia kwa maji ya kisima alichokipima bwana afya, na kwa kuwa ni mbali, ya kunyunyizia hayabaki. Jana mteja akaniambia, "Mzee, mboga zako zimelala." Nikamjibu, "Ziache zilale, dada. Zilipokuwa macho, mimi sikulala."

Nakutumia kitita cha mboga. Zipikwe.

Baba yako

Shuleni, 11 Mei

Shikamoo Baba,

Mbusu mdogo wangu, hata kama bado amenuna.

Kitita kimefika kimesinzia kabisa. Mpishi alikichemsha. Nilipowagawia wenzangu, walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Nikala mimi wa kwanza.

Kisha nikawaambia nani amelima.

Binti yako