Tandiko Lililombana Zabibu

Nairobi,
Jumamosi, 18 Septemba 1971

Kwako dada Saleha,

Assalaam aleikum. Nakuombea barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji Twahir, na lile goti lako liwe sasa linakuacha ulale. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na hapa mjini sina wa kumweleza.

Unajua bado nashona matandiko ya farasi dukani kwa Mzee Gurcharan, nyuma ya Bazaar Street. Mwezi huu wote nimesumbuliwa na farasi mmoja tu, jike aitwaye Zabibu. Ni wa Bwana Ndungu, wakili aliyenunua nyumba ya Mzungu kule Spring Valley, akamkuta farasi humo humo bandani. Tandiko aliliagiza mwenyewe kutoka London. Ngozi yake, dada, laini kama shavu la mtoto! Lakini ni jembamba, na Zabibu ana mabega mapana. Kila akipandwa, upinde wa mbele unambana kama kiatu cha namba ndogo.

Kwanza alianza kung'ata watu akitandikwa. Nikaitwa, nikakuta vidonda viwili, kila bega na chake. Nikamwambia Bwana Ndungu tandiko libadilishwe. Akacheka, akasema farasi ana kiburi tu, anataka kiboko. Nikamgeukia Kilonzo, saisi wake, anayemlisha na kumsugua kila siku, nikidhani huyo ataniunga mkono. Kesho yake nikakuta ameongeza mablanketi mawili chini ya tandiko! Nilimuuliza kama kiatu kikimbana huvaa soksi tatu. Akaniambia, "Wewe fundi, mimi nafanya vile mkubwa amesema." Nikarudi dukani kumlilia Mzee Gurcharan, naye, bila kuinua macho kwenye sindano yake, akasema mteja akishapenda kitu chake, fundi anyamaze.

Jumapili iliyopita Bwana Ndungu alimpandisha binti yake Annah, wa miaka kumi na miwili. Zabibu akaruka mara moja tu. Mtoto akaanguka, mkono ukavunjika. Baba akaapa kwamba farasi atapigwa risasi Alhamisi.

Dada, nimewalaumu wote hawa, na kuna jambo nimekuficha. Tandiko lile lilipofika mwezi wa nane, aliyeitwa kulipima ni mimi. Bwana Ndungu alikuwa na wageni barazani, akanitambulisha kwao kuwa ndiye fundi wake. Hakumtaka Mzee Gurcharan, alinitaka mimi. Nikavimba kichwa. Tandiko hupimwa mtu akiwa amelikalia, fundi akapitisha mkono chini yake, hapo begani. Mimi nililitazama likiwa tupu, nikatangaza mbele ya wageni kwamba limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Walinipigia makofi. Kwa hiyo kila nilipomwambia libadilishwe, Bwana Ndungu alinikumbusha maneno yangu, nami badala ya kukiri nikawa nasema labda farasi amenenepa.

Jumatano nikaomba ruhusa dukani, nikaenda kwa Bwana Ndungu. Nilimkuta na Annah, mkono kwenye plasta. Nikamwambia kosa si la Zabibu wala la mtoto, ni langu. Sikupima, nilisema tu. Bwana Ndungu akamwamuru Kilonzo apande, akapenyeza mkono wake mwenyewe chini ya tandiko. Vidole vikakwama. Alipovichomoa ngozi ilikuwa imechubuka. Annah akauliza, "Na yeye anabanwa hivyo kila siku?" Baba yake akamwamuru Kilonzo ashuke, amvue Zabibu tandiko lile.

Zabibu hatauawa. Atapumzishwa mpaka mabega yapone, kisha Mzee Gurcharan atamshonea tandiko jingine kwa mkono wake. Mimi nimekatazwa kazi yoyote ya nyumba ile. Bado nalalamika, ingawa sina haki: farasi atapona, lakini daktari amesema mkono wa Annah hautanyooka kama zamani.

Nisalimie shemeji, na Bi Waridi wa nyumba ya pili. Mama ukimsomea barua hii, habari za yule mtoto ziruke. Hizo nitamweleza mwenyewe nikija, nimtazame usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Taib